Seva ya Mlimani na Seva ya Nyikani

Siku ya kuniaga mlinipa keki, kitenge na saa ya ukutani, kisha mmoja wenu akauliza kwa nini lile boksi la kijivu lenye kutu pembeni bado liko kwenye rafu ya chumba cha ramani, na halijawashwa miaka nenda rudi. Mwingine akasema litupwe. Sikujibu kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki. Sasa keki imeshuka, na jibu langu ni hili.

Habari za vyeo sitaandika. Nilipandishwa nilipopandishwa, na mshahara ulikuwa mshahara. Nitaandika jinsi boksi lile lilivyochaguliwa na mimi, Mama Hoza, mchora ramani ambaye hakuwahi kusomea kompyuta hata siku moja, na jinsi mashamba ya kaya arobaini juu ya Mlalo yalivyokuja kutegemea uchaguzi ule. Najua mnasema najisifu. Nimesubiri kustaafu ndipo nijisifu, nadhani nimestahili.

Nilitoka Lukozi na cheti changu cha uchoraji kwenye bahasha, nikaripoti asubuhi ya mvua kwenye chumba cha ramani cha ofisi yetu ya ardhi na misitu, Lushoto. Aliyekuwemo ni Mzee Singano, mtunza ramani, mtu wa Mlalo, mrefu, ana koti la sufi ambalo sikuwahi kumwona bila kulivaa. Alikuwa akiimba nyimbo za kanisani puani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Nionyeshe mikono.”

Nikanyoosha. Akaigeuza huku na huku.

“Umekula plamu njiani. Kanawe.”

Nilinawa. Akanirudisha tena. Mara ya tatu akaniruhusu kuvuta droo ya kwanza, na humo nikaona kitu ambacho sijakisahau: picha za ndege za milima yetu yote, zilizopigwa kabla sijaanza shule. Kila tuta, kila mfereji wa maji, kila mgomba ulikuwa umekaa pale kwa rangi nyeusi na nyeupe. Niliitafuta nyumba ya bibi yangu, nikaiona. Mzee Singano akaniambia nisilie juu ya picha, chumvi ya machozi inaziharibu.

Miaka ile vifaa vilikuwa vya shida. Kalamu moja ya wino ilihitaji barua, na barua ilihitaji muhuri. Wembe wa kukwangulia makosa niliutumia hadi ukawa hauna tofauti na kijiko, kwa hiyo nilijifunza kutokosea. Kisha soko likafunguliwa. Maduka ya Lushoto mjini yakajaa, nyembe zikauzwa kwa pakiti, mitumba ikapanda mlima kwa marobota, na nyuma ya marobota zikapanda kompyuta. Ofisi ikapata moja, ikafuata ya pili. Tulizipanga ofisini kwa mkuu kama maharusi.

Kilichotusukuma kutafuta mashine ya kuhifadhia picha hakikuwa fasheni. Ilikuwa kuvu. Mnajua baridi yetu ya mwezi wa sita na wa saba, ukungu unaingia ofisini bila kubisha hodi na kukaa hadi saa sita mchana. Mwaka mmoja nilivuta droo ya Lukozi nikakuta imeota manyoya. Picha zilikuwa zimeshikana, na nilipojaribu kuzitenganisha zikaacha ngozi zao kwenye vidole vyangu. Mzee Singano alikaa kwenye kiti chake, hakuimba siku nzima.

Ikaamuliwa picha zote ziskaniwe. Skana kubwa tukapewa, na mashine ndogo ya kuhifadhia tukanunua kwa mtu aliyekuwa akipita. Nikakabidhiwa mimi, kwa sababu ni mimi niliyejua kilichomo kwenye droo. Hapa ndipo nilipofanya kosa langu, na ninaliandika kwa mkono wangu kabla hamjalisikia kwa dereva wa ofisi.

Mashine ilipofika niliipenda. Niliishonea kitambaa. Msicheke, mama zenu wote wana vitambaa juu ya redio na televisheni, na mkienda kwao leo mtavikuta. Changu kilikuwa cha uzi mweupe, na maua ya njano pembeni, kinashuka vizuri mbele na nyuma hadi kufunika yale matundu mabaya. Tena kila saa tisa na nusu niliizima ipumzike, kama tulivyokuwa tukiipumzisha jenereta. Kesho yake naiwasha ikiwa ya baridi, yenye umande ndani, halafu naivika kitambaa ipate joto hadi iungue. Ilivumilia miezi mitano. Siku moja ikatoa mlio wa mtu anayesaga meno, ikanyamaza, na kazi yetu yote ya upande wa Mlalo ikaondoka nayo.

Nilimwambia Mzee Singano ukweli, kwamba nimeiua mwenyewe. Nilitegemea anifokee.

“Matundu yale ni pua zake,” akasema. “Umemziba mgeni pua kwa heshima. Haya, tuanze upya.”

Tukaanza upya, lakini kuvu haikutungoja. Picha sita za Kwemhezi, kitongoji kilichoko juu ya Mlalo, nilizibeba hadi kwenye skana kwa ubao, kama mtu anavyobeba chapati laini. Ya sita ilikubali kupita mara moja. Nilipoinua kifuniko ilikuwa imepasuka vipande. Kuanzia siku ile sehemu ile ya Kwemhezi ya zamani haikuwepo tena mahali popote duniani isipokuwa ndani ya mashine tuliyoazima, na mashine ile ilikuwa imejaa hadi kooni. Tulihitaji seva kubwa, na safari hii sikutaka kukosea.

Mkuu wetu, Bwana Mbwambo, akamwita muuzaji kutoka Dar, Bwana Faraji. Alikuja na tai na shati la mikono mifupi, akajuta kabla ya chai. Alifungua katalogi juu ya meza yangu. Alitaka tuchukue boksi moja kubwa mno, diski sita za kasi kuliko zote, na chumba kilichozibwa madirisha chenye kiyoyozi.

“Kiyoyozi, Lushoto?” Mzee Singano akauliza. Bwana Faraji alikuwa amejikunyata, mikono kwapani.

Nilikuwa na daftari langu la maswali. Nilikuwa nimeyaandika wiki mbili, nikiwauliza mafundi wa redio, mhasibu wa hospitali na kila aliyewahi kuunguza mashine. Watu wanaeleza vizuri sana jinsi vitu vyao vilivyoharibika, mkiwauliza kwa upole.

“Diski moja ikifa, inakuwaje?”

“Haina shida, mama. Zote sita zinashirikiana. Moja ikifa, tano zilizobaki zinajua ilikuwa imebeba nini. Unachomeka mpya, inafundishwa na wenzake.”

“Zikifa mbili kwa pamoja?”

“Haitokei.”

“Ikitokea?”

“Hapo mama, umepoteza zote.”

“Na hiyo mpya ya kuchomeka naipata wapi?”

“Tunaagiza nje. Wiki sita, labda nane.”

“Hizi sita zimetoka wapi?”

“Katoni moja, mama! Zote mpya, zinafanana kabisa.” Alilisema hilo kwa fahari.

Mimi nimekulia kwenye karoti na kabichi za Lukozi. Mzigo uliovunwa siku moja kwenye tuta moja ukianza kulegea, unalegea wote, na mama yangu alikuwa akichanganya mavuno ya siku mbalimbali ili soko la Jumatatu lisimwaibishe. Nikaandika kwenye daftari: *katoni moja, hapana*. Chini yake nikaandika: *kasi ya nini? Picha ni za tangu sijaanza shule, hazina haraka*.

Lakini lile la diski mbili kufa pamoja lilininyima raha. Wakati wa chai nilimlalamikia Mzee Singano kwamba hata nikichagua boksi zuri namna gani, litabaki boksi moja ndani ya chumba kimoja.

“Bibi yako kule Lukozi alikuwa na shamba moja?” akauliza.

“Hapana. Lilikuwepo la mlimani, na jingine la nyikani, kule chini Mazinde.”

“Kwa nini ahangaike kushuka kote huko?”

“Mvua ikigoma huku wanakula cha kule. Kila mtu wa kaya zetu alikuwa hivyo, mzee, unajua.”

“Najua. Wewe ndiye unayeniuliza kana kwamba hujui.” Akarudi kwenye chai yake.

Nilisimama na kikombe mkononi. Mazinde tulikuwa na ghala letu la miche, lina umeme, lina mlinzi, na gari la ofisi lilishuka kila Alhamisi. Nilikuwa nimelitazama ghala lile miaka yote nisilione.

Kwenye kikao nilisema nataka maboksi mawili ya kawaida badala ya moja la fahari. Kila moja liwe na feni nne kubwa zinazopatikana dukani, pawa saplai mbili za kulilisha umeme, na kumbukumbu ya aina inayojisahihisha yenyewe, kwa sababu herufi moja ikipotoka kwenye picha ya mpaka, ni shamba la mtu. Diski ziwe za kawaida, za aina inayouzwa Dar, Arusha na hata Tanga mjini, na zinunuliwe nusu huku nusu kule. Kadi zile zinazoziunganisha diski zinunuliwe tatu, mbili za kutumia na moja ya kukaa kabatini, maana kadi ikifa na hakuna ya aina yake, diski zote zinakuwa mabubu ingawa ni nzima. Kiyoyozi sikitaki. Huku juu boksi liwashwe lisizimwe kamwe, joto lake lenyewe litafukuza unyevu, kama mbegu zinavyokaa darini juu ya jiko.

Bwana Mbwambo alivua miwani. “Mama Hoza, wewe ni mchora ramani.”

“Ndiyo, mkuu.”

“Huyu ni mtaalamu.”

“Ndiyo, mkuu. Na siku mashine ikifa, yeye atakuwa Dar. Mimi nitakuwa hapa, Mzee Singano ananitazama.”

Watu walicheka, Bwana Faraji naye akacheka, mtoto wa watu hakuwa na kiburi. Mkuu hakucheka.

“Ukikosea mara ya pili,” akasema, “sitakuwa na neno la kukutetea.”

“Sitakosea,” nikasema. Nikafunga daftari.

Niliyapanga maboksi mwenyewe, bisibisi mkononi na kilemba kimefungwa kwa nyuma. Boksi la Lushoto likakaa kwenye rafu ya mbao za mvinje, kimo cha kiuno cha mtu kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje. La Mazinde likapata tatizo la kwake, vumbi na joto, nikalishonea kitambaa tena. Safari hii kilikuwa cheupe, chepesi, cha kuchuja vumbi mbele ya feni za kuvuta hewa tu, na mlinzi alikifua kila wiki na kutia sahihi. Kwa hiyo ushonaji wangu nao ulipata kazi halali. Kila Alhamisi nilinakili kazi ya wiki kwenye diski ya kubebea, nikaifunga kwenye kanga, nikaishusha Mazinde na gari la miche.

Jumla ya nafasi yote ile, vijana, ni chini ya nafasi ya simu mlizonazo mfukoni. Wakati ule watu walikuja kutoka ofisi nyingine kuitazama.

Mwaka uliofuata diski moja ilikufa, mchana, watu wakiwa kazini. Taa nyekundu ikawaka. Nikafungua kabati, nikachomoa iliyokufa, nikachomeka mpya, na wachoraji waliokuwa wakifungua picha hawakujua lolote. Nilimwita mkuu aje aitazame ile taa ikigeuka kijani. Akaiinamia, akasema, “Hm.” Kwa Bwana Mbwambo hilo lilikuwa gwaride na bendi.

Halafu ikaja kesi ya Kwemhezi. Kampuni moja kutoka mbali ilikuwa imeomba mteremko mzima, na kwenye karatasi zake iliandikwa kwamba pale ni pori, halikuwahi kulimwa hadi watu walipovamia majuzi. Baraza la ardhi likawaambia wanakijiji walete ushahidi wa zamani ndani ya siku kumi, na siku hiyo baraza lingekaa palepale Kwemhezi. Wazee waliokuwa na karatasi walishakufa, karatasi zenyewe zililiwa na mchwa.

Aliyetumwa kwetu ni Bi Mwanahawa, mjane, mkulima wa maharage, mguu mmoja unamsumbua. Alitembea kutoka Kwemhezi hadi barabarani, akafika ofisini viatu mkononi. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa.

“Mwanangu, nimeambiwa mna picha ya mfereji wa baba yangu.”

“Ipo, mama. Njoo Jumatatu nitakuwa nimeichapa kubwa.”

Nilisema *ipo* kwa mdomo mpana. Jumapili radi ikapiga Lushoto. Umeme nilikuwa nimeuwekea stabilaiza na betri, kila waya umelindwa. Radi haikupita kwenye umeme. Ilipita kwenye waya wa simu niliokuwa nimeuchomeka ili tupokee barua pepe, waya mwembamba ambao sikuwahi hata kuufikiria. Jumatatu asubuhi niliingia nikakuta taa mbili nyekundu. Diski mbili kwa pamoja. Nilichomeka za akiba, nikabadili kadi, nikaomba dua. Boksi halikutoa kitu.

Bi Mwanahawa alikuwa keshafika, amekaa kwenye benchi la nje, na alikuwa ameleta mahindi ya kuchoma ya kutushukuru.

Niliogopa, sifichi. Boksi la Mazinde lilikuwa halijajaribiwa kwa jambo la kufa na kupona. Sikujua kama kila Alhamisi nilinakili kweli au nilikuwa nikijifariji. Nikamwambia Bi Mwanahawa picha iko nyikani, tushuke. Hakuuliza swali hata moja. Kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa kwamba kitu cha muhimu kisipopatikana juu, kiko chini.

Ghala la Mazinde lilikuwa na joto kama tanuri. Mlinzi akatufungulia, na kabla macho hayajazoea giza nililisikia boksi, feni nne zikivuma, kitambaa mbele yake kimefuliwa safi. Nikawasha skrini. Mlalo. Nikafungua. Kwemhezi. Zikajipanga, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Nilifungua ya sita, ile iliyonipasukia mikononi, ikajaa kwenye kioo, nzima, bila doa.

Nilipiga kelele, mlinzi akakimbilia rungu. Bi Mwanahawa alisogea hadi pua ikagusa skrini. Akaweka kidole mahali mstari mwembamba unapotoka kwenye chemchemi na kuzunguka mwamba.

“Hapa ndipo baba alipopinda maji,” akasema. “Mwamba ulimshinda kuvunja.”

Siku ya baraza nilisimama mbele ya mwenyekiti na picha pana kama mkeka. Mtu wa kampuni alikuwa na hoja, nami namheshimu kwa hoja yake: kompyuta inaweza kuchora chochote, na picha ya asili iko wapi? Nikasema imeliwa na kuvu, na sitadanganya. Lakini twende tukaukague mwamba. Wajumbe wakainuka, tukapanda, watu wote wa Kwemhezi nyuma yetu, Mzee Singano naye, mstaafu tayari, na koti lake. Mwenyekiti aliishika picha, akahesabu matuta kwa kidole, akahesabu matuta kwa macho. Mfereji ulikuwa pale, umekaa kwenye kona ileile, ukuta wake wa mawe umeota ukoga wa kijani ambao hakuna mvamizi wa majuzi angeweza kuupaka. Maji yalikuwa yakipita.

Mwenyekiti alikunja picha. “Hapa si pori,” akasema. “Hapajawahi kuwa pori.”

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilisikika hadi sokoni Mlalo. Mimi nililia waziwazi, na Mzee Singano hakunikataza, kwa kuwa picha ilikuwa mikononi mwa mwingine. Alinishika bega. “Nionyeshe mikono,” akasema. Nikanyoosha, ilikuwa imejaa matope ya Kwemhezi. Akasema leo nisinawe.

Wakati wa kuondoka Bi Mwanahawa alinifuata akichechemea, akanipa mbegu za maharage, vifurushi viwili vya majani ya mgomba vilivyofungwa sawasawa. Hakujua chochote kuhusu seva, wala sikuwa nimemweleza.

“Hiki weka kwako,” akasema. “Hiki mpelekee ndugu yako wa nyikani akutunzie.”

Nilifanya hivyo, cha pili nikampelekea dada yangu anayeishi Mazinde. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali, cha kwangu kikaota kuvu. Cha dada yangu kilikuwa kizima, na maharage ninayolima leo nyuma ya nyumba yametoka kwake.

Kwa hiyo lile boksi la kijivu mkitaka litupeni, ni chuma tu, na sasa mna makubwa zaidi. Nina ombi moja kabla hamjalitoa mlangoni. Nikija kuwasalimia, mnionyeshe lile mlilonalo sasa, kisha mnipandishe gari mnipeleke nikaone mwenzake wa nyikani.